Haki ya Njia

Wataalamu wa lugha ya Kiarabu wanaeleza kwamba neno safar, ambalo sisi Waswahili tumelichukua na kulifanya safari, limetoka katika shina lenye maana ya kufunua. Mwanamke akiondoa utaji usoni hutajwa kwa shina hilo, na alfajiri inapopambazuka hutajwa kwa shina hilo hilo. Imam Ghazali amelieleza jambo hili akasema kuwa safari imeitwa hivyo kwa sababu hufunua tabia za watu. Nyumbani mtu aweza kuzificha tabia zake kwa miaka mingi, maana anao mlango wa kufunga. Njiani hana mlango.

Imesimuliwa pia kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Hadhrat Umar r.a., naye akamwuliza kama aliwahi kuwa jirani yake, au kufanya naye biashara ya fedha, au kusafiri naye. Yule mtu alipojibu kwamba hakufanya lolote katika hayo, Hadhrat Umar alimwambia kuwa basi hamjui. Pengine amemwona tu msikitini akiinamisha kichwa na kukiinua.

Maneno hayo aghalabu husemwa juu ya wasafiri wawili wanaofuatana. Lakini iko safari ya namna nyingine ambayo siku hizi imekuwa ya kawaida, nayo ni pale mwenyeji anapowapokea rafiki zake kutoka ng'ambo, akawapakia garini, akawatembeza katika nchi yake siku nne au tano. Hapo vinavyofunuliwa ni vitatu: mgeni, mwenyeji, na nchi yenyewe pamoja na watu wake ambao hawakumwalika mtu yeyote. Na hapo ndipo linapozuka swali ninalotaka tulitazame: mwenyeji anayempenda mgeni wake, na tena anaipenda nchi yake, je, amwonyeshe yote au amwonyeshe yaliyo mazuri tu? Ukarimu na ukweli vikikutana mahali penye njia nyembamba, kipi kipishe?

Swali hili si jepesi kama linavyoonekana. Wako miongoni mwa wasomaji wetu ambao ndio kwanza wameingia katika dini, au bado wanaichunguza, nao hutembelewa na ndugu wa imani kutoka nchi za mbali. Kwao mgeni huyo si mtalii tu. Ni shahidi. Atakayoyaona atayapeleka kwao, na moyo wa mwenyeji humwambia: ficha, ndugu yangu, ficha upesi!

Wenye kusema yaonyeshwe mazuri tu wana hoja yenye uzito. Kurani Tukufu yatusimulia jinsi Hadhrat Ibrahim a.s. alivyofikiwa na wageni asiowajua, akaondoka kimya kimya kwenda kwa watu wa nyumba yake, kisha akarudi na ndama aliyenona. Wala hatusomi kwamba aliwasimulia shida za malisho yake. Na Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kuwa mwenye kuisitiri aibu ya ndugu yake, Mwenyezi Mungu ataisitiri aibu yake yeye Siku ya Kiyama. Basi, husema watu hawa, nchi ni mfano wa mzazi. Nani amvuaye mzazi wake nguo mbele ya wageni?

Hoja hiyo ingetosha kama Kurani Tukufu isingekuwa imewataja wazazi hao hao mahali pengine. Katika Sura An-Nisaa waumini wameamrishwa wawe mashahidi wa haki, hata kama ushahidi wenyewe utakuwa juu ya nafsi zao, au wazazi wao, au jamaa zao. Kwa hiyo tunayo amri ya kusitiri na tunayo amri ya kushuhudia, zote mbili kutoka kwa Mola mmoja, na haiwezekani moja iwe imewekwa ili kuivunja nyingine. Mimi naona kwamba njia ya kuzipatanisha ni kujiuliza kwanza: aibu hii ni ya nani? Umaskini wa mtu si dhambi yake, wala si mali yangu mimi nipate kuutembeza. Hiyo ni siri yake, nayo husitiriwa. Lakini dhuluma iliyotendwa hadharani, ikawaua watu na kuwauza, si siri ya mtu. Waliodhulumiwa wanao ushahidi wanaotudai, na anayeuficha ili wageni wasifadhaike anakuwa amekula haki ya wasioweza kusema.

Hivi karibuni nilipata nafasi ya kulipima jambo hili. Rafiki yangu mmoja Mpakistani, ambaye tulilala chumba kimoja katika chuo cha dini nilikosoma ng'ambo, alikuja kunitembelea, akafuatana na rafiki yake Mjerumani aliyesilimu akiwa mtu mzima. Walitaka kuiona nchi kwa barabara. Tukakodi gari pamoja na dereva wake, tukapanga kupitia Bagamoyo na Msata, tushike barabara kuu pale Chalinze, tupite Morogoro na Mikumi hadi Iringa.

Bagamoyo ndipo mwenyeji Mwislamu anapojaribiwa kwanza. Karibu na mji huo yapo magofu ya Kaole, ambako msikiti wake wa kale huhesabiwa na wachunguzi kuwa ni wa karne ya 13. Hapo kuna makaburi na kuta za mawe ya matumbawe, na mgeni Mwislamu anapoambiwa kuwa adhana ilisikika katika pwani hii karne nyingi kabla ya meli ya Mreno, macho yake hulengalenga machozi. Kingekuwa kitu chepesi kuwaonyesha Kaole, kisha tukaondoka tukiwa na furaha.

Lakini mji wenyewe wa Bagamoyo, katika karne ya 19, ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilifika hapo zikiwa mabegani mwa watu, na baadhi ya watu hao walikuwa wenyewe bidhaa. Wenye misafara walikuwa nani? Walikuwamo Wahindi waliokopesha mitaji, walikuwamo watawala wa bara waliouza mateka wao, na mbele ya misafara mingi walikuwapo Waislamu, Waarabu na Waswahili, watu waliosali na kufunga. Tippu Tip, mkubwa wao, aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili safi, nasi tunajivunia Kiswahili hicho. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia sahihi kwa kushinikizwa na Waingereza, si kwa kushinikizwa na masheikh.

Haya yote niliwaeleza wageni wangu tukiwa tumesimama pale penye nyumba ya misafara. Rafiki yangu Mpakistani hakupendezwa. Aliniambia, kwa upole wa kindugu, kwamba maadui wa dini wanayasema haya kila siku, na hapana haja ya sisi kuwaongezea. Nikamjibu kwamba adui huyasema ili watu waamini kuwa dini ndiyo iliyofanya. Nasi tukinyamaza tunamsaidia, kwa sababu msikiaji atadhani tunanyamaza kwa kukubali. Mtume Mtukufu s.a.w. ametufikishia kuwa Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshitaki, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwuza mtu huru akala thamani yake. Wale waliotekwa katika vijiji vya bara walikuwa watu huru. Basi hukumu ya wenye misafara ilikwisha kutolewa na Mtume wao wenyewe zaidi ya miaka elfu moja kabla hawajafunga mizigo. Mwislamu anaweza kuisema habari ya Bagamoyo kwa kinywa wazi kuliko mtu mwingine yeyote, mradi awe upande wa Mtume wake na si upande wa wafanya biashara. Rafiki yangu alikaa kimya hadi Msata. Sikujua kama amekubali.

Nchi ikaanza kubadilika, mashamba ya mkonge yakatokea, na milima ya Uluguru ikasimama mbele yetu na mawingu yake. Mikumi barabara kuu inakatiza katikati ya mbuga, na kwa bahati njema tembo walikuwa karibu. Tuliwapiga picha nyingi, wao hawakulalamika. Dereva alitufahamisha kuwa ukimgonga mnyama mahali hapo utatozwa faini, nayo si ndogo, na mgeni wetu Mjerumani akauliza kama watembeao kwa miguu nao wana ulinzi wa namna hiyo katika barabara zetu. Hilo ni swali ambalo mgeni aliliuliza kwa mzaha na mwenyeji akalichukua kwa uzito. Ndiyo maana ya wahenga kusema mgeni njoo mwenyeji apone: mgeni huona kile ambacho sisi tumekwisha kukizoea.

Sasa nitaje jambo la picha, kwa sababu ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi katika mazungumzo yetu. Mtume Mtukufu s.a.w. aliwakataza masahaba zake kukaa mabarazani kando ya njia. Walipomweleza kuwa hawana budi, maana hapo ndipo pao pa kuzungumza, aliwaambia basi waipe njia haki yake. Na walipouliza haki ya njia ni ipi, aliwataja kuinamisha macho, kujizuia na kuudhi watu, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hebu angalia, ndugu msomaji, kwamba la kwanza ni macho. Mtu anayepita njiani, ajapokuwa mahali pa wazi, ana haki ya kutokodolewa macho. Nasi tumezoea kuifahamu amri hii kuwa inahusu wanaume na wanawake tu, ili wasitazamane kwa tamaa. Hiyo ni kweli, lakini tamaa iko ya namna nyingi. Iko tamaa ya kumtazama fukara.

Zamani mkodoaji aliondoka na alichokiona ndani ya kichwa chake tu. Leo kila msafiri ana simu yenye kamera, na sura ya mama aliyeketi kando ya barabara yaweza kufika Ulaya kabla hajamaliza kuhesabu chenji. Pale Ruaha Mbuyuni, ambako barabara huingia katika bonde lenye mibuyu mingi, wanawake na vijana huuza vitunguu kwa mafungu, na gari likisimama huzungukwa upande huu na huu. Mgeni wetu alitoa simu yake. Mama mmoja akainua kanga akajifunika uso. Hakusema neno. Rafiki yangu Mpakistani ndiye aliyemgusa mwenzake mkono, akamwambia kwa Kiingereza kwamba huyu mama amelisoma somo la haki ya njia kuliko sisi wenye vyeti.

Mjerumani alijitetea njiani, na utetezi wake haukuwa wa kipuuzi. Alisema kuwa yeye hakutaka kumdhalilisha mtu; alitaka watu wa kwao wajue jinsi wakulima wanavyofanya kazi, na kwamba dunia isingeujua uovu mwingi kama wapiga picha wangeinamisha macho yao. Ni kweli. Lakini picha inayoshuhudia dhuluma hupigwa kwa ajili ya yule anayeonekana ndani yake, na yule mama hakuwa amedhulumiwa na mtu kwa wakati ule, isipokuwa labda na sisi. Alikuwa akiuza vitunguu. Kama ilikuwa kwa ajili yake, angalau angeulizwa. Kuomba ruhusa kunachukua nusu dakika na salamu moja, nayo salamu ni katika haki zile zile za njia. Katika safari yote iliyobaki aliuliza kwanza. Wengine walikataa, na wengine waliita jamaa zao wote wapigwe pamoja, wakacheka sana.

Juu ya bei sitasema mengi. Muuzaji akimwona mgeni huongeza, na mwenyeji hujiona ana wajibu wa kugombana kwa ajili ya kila shilingi. Mtume Mtukufu s.a.w. alikataza watu wa mjini kuitokea misafara njiani na kununua mali yao kabla haijafika sokoni, kwa sababu mwenye kutoka mbali haijui bei. Kumpunja asiyejua ni haramu, awe mgeni mnunuzi au mkulima muuzaji. Basi niliwatajia wageni bei ya siku zote, wakaijua, kisha nikawaachia hiari. Walitoa zaidi. Mtu anayetoa zaidi hali anajua amefanya hisani, na hisani si aibu kwa yeyote. Kitu nilichowakataza ni kurusha sarafu dirishani wakati gari linaondoka.

Kuna mtu mmoja ambaye katika safari kama hizi si mgeni wala si mwenyeji, na kwa hiyo husahauliwa na wote wawili. Namaanisha dereva. Tulipofika mahali pa kula, mhudumu alituandalia meza chini ya feni, na dereva akaelekea zake kwa mama lishe upande wa nyuma, kwa mazoea, wala hakuna aliyemfukuza. Wageni walidhani ni desturi ya nchi. Ni desturi, ndiyo, na ni desturi mbaya. Mtume Mtukufu s.a.w. ameagiza kuwa mtumishi anapokuletea chakula, naye ndiye aliyepata joto lake na moshi wake, mketishe nawe, au angalau umpe katika chakula hicho. Na inasimuliwa katika vitabu vya historia kwamba Hadhrat Umar r.a. alipokwenda Yerusalemu, yeye na mtumishi wake walipokezana mnyama mmoja, na walipoukaribia mji zamu ilikuwa ya mtumishi kupanda. Tukamwita dereva, akaja, akaona haya mwanzoni, lakini kabla ya chai alikuwa ndiye msemaji mkuu wa meza.

Na ilifaa kwamba tumezoeana, kwa maana jioni ile tulipanda Kitonga. Wanaoijua njia hiyo hawahitaji kuelezwa: mlima umesimama, kona zimejipinda kama nyoka, malori yanapanda kwa mwendo wa kinyonga na mengine yanateremka upande wako. Wageni walitaka tusimame kwenye kona wapige picha ya bonde. Dereva akakataa. Mimi ndiye niliyelipa gari, lakini mafundisho yetu ni kwamba watu watatu wakisafiri wamfanye mmoja wao kuwa amiri, wala haikusemwa kwamba awe ndiye mwenye fedha. Katika mambo ya barabara amiri wetu alikuwa yeye. Hatukusimama mpaka Ilula, tukanunua nyanya.

Sasa nafika Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini. Nilifikiri usiku kucha kama nimpeleke mgeni wetu Mjerumani mahali hapo, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo kanuni ya kuonyesha mazuri tu ingemwokoa na fadhaa kubwa. Kalenga ilikuwa ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, majeshi yake yalilivamia jeshi la Wajerumani likiongozwa na Zelewski, wakamwua yeye na sehemu kubwa ya watu wake. Mwaka 1894 Wajerumani walirudi na mizinga wakaivunja ngome. Mkwawa akapigana nao porini miaka minne, na mwezi Julai 1898, alipozingirwa, alijipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe katika muda wa miezi sita. Lakini halikurudi hadi mwaka 1954, ambapo Gavana Twining alilichukua fuvu lililotambuliwa kuwa lake kutoka jumba la makumbusho la Bremen, akalikabidhi kwa Mtwa Adam Sapi, mjukuu wake. Liko Kalenga hadi leo, ndani ya sanduku la kioo.

Tulimwuliza mgeni asubuhi kama anataka kwenda, tukamweleza kilichopo. Akasema tumpeleke. Alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu, na simu yake ilibaki mfukoni ingawa hapo hakuna aliyemkataza. Kisha akasema kwamba alisoma historia shuleni miaka mingi, na jina la Kalenga hakulisikia hata mara moja. Akataka kujua kama sisi twaona kuwa yeye ana hatia.

Uislamu haukubali kwamba mtoto huzaliwa na dhambi ya baba yake. Hakuna nafsi iliyobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Nilimwambia hivyo, na nilimwambia si kwa kumfariji, bali kwa kuwa ndiyo itikadi yetu. Lakini sheria hiyo hiyo ya Kiislamu, inapogawa mirathi, inaagiza deni la marehemu lilipwe kwanza, ndipo warithi wapate mafungu yao. Mrithi hana dhambi ya deni lile, hakukopa yeye. Hata hivyo hawezi kuuchukua urithi na kulikana deni. Dhambi hairithiwi, na deni hutoka katika mali iliyoachwa. Fuvu lililokaa ng'ambo zaidi ya miaka hamsini lilikuwa deni. Na Rais Steinmeier wa Ujerumani, alipokwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa waliouawa katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, hakuwa akiungama dhambi yake mwenyewe, maana alizaliwa baadaye sana. Alikuwa akilikiri deni.

Mgeni aliyatafakari hayo tukiwa tunarudi garini. Wala hakuonekana kuwa mtu aliyetukanwa nyumbani kwa watu. Alionekana kama mtu aliyeaminiwa. Rafiki yangu Mpakistani, ambaye tangu Bagamoyo hakuwa amelirudia jambo lile, ndiye aliyeuliza swali lililofuata. Aliuliza: na deni la Bagamoyo, je, nalo hulipwa na nani?

Nikamjibu kwamba sehemu yake moja bado iko mikononi mwetu. Katika pwani yetu wapo mpaka leo wazazi Waislamu ambao kijana akija kuposa, mcha Mungu na mwenye kazi ya halali, huulizia kwanza asili yake. Na wakiambiwa kuwa babu wa babu yake aliletwa kutoka bara katika msafara, humrudishia posa kwa maneno matamu. Akaniuliza kama wazazi hao husali safu moja na kijana huyo. Nikamwambia husali.